Nimefelishwa lori likiwa limesimama

Mshauri, shikamoo.

Nimekuwa utingo wa mjomba wangu tangu nilipomaliza shule. Yeye ni dereva wa semitrela wa siku nyingi, na karibu kila ninachokijua kuhusu gari kubwa nimekipata kwake: kufunga mzigo, kubadili tairi usiku, kukaza nati, kusikiliza injini, kubana mafuta kwenye mteremko kwa kuweka nyutro. Tukiwa yadini huniachia usukani, na madereva wenzake wanasema nina mkono mzuri.

Mwaka huu niliamua kutafuta leseni yangu ya magari makubwa. Nilipimwa macho na presha, nikafanya mtihani wa nadharia nikafaulu. Nikajiandikisha kwenye chuo cha udereva, kozi fupi, kwa sababu niliona gari nalijua tayari na kilichobaki ni karatasi tu. Tulikuwa wanafunzi wengi kwa lori moja, na muda mwingi nilikaa namtazama mwenzangu akiendesha.

Siku ya vitendo mtahini aliniambia nikague gari huku nikimweleza ninachokagua. Nikazunguka, nikayapiga matairi teke, nikaangalia taa, oili na maji. Akaniuliza nitajuaje kama breki za upepo ni nzima. Nikamwambia nasubiri geji ipande, halafu nakanyaga pedali nione kama zinashika. Akauliza, "Na king'ora? Na kama upepo unavuja?" Nikanyamaza. Akanitaka niunganishe kichwa na tela. Nikarudi vizuri, nikasikia kufuli limelia, nikaunga mipira ya upepo na waya wa taa, nikakunja miguu ya tela, nikapanda tayari kuondoka. Akanizuia hapo hapo na kuniambia nimefeli. Barabarani sikufika kabisa!

Mjomba alikasirika kuliko mimi. Anasema mtahini alikuwa anataka kitu kidogo tu, na kwamba anamfahamu mtu anayeweza kunipatia leseni bila kurudi kwenye mtihani. Tajiri wake yuko tayari kunikabidhi gari mara nitakapokuwa nayo. Chuo nacho kinasema nilipie kozi nyingine, safari hii kwa lori la otomatiki, eti nitafaulu upesi. Na liko jambo ambalo sijamwambia mtu: rivasi ya tela bado inanitoa jasho. Yadini mjomba hushuka akanielekeza kwa mkono. Nikiwa peke yangu, tela hunikunjia kila mara.

Nina mke na mtoto mdogo na sitaki kuzeekea utingo. Nifanye nini, na mjomba nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Mpwa wa Dereva

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yaliyokupata, maana najua siku ile kuna watu nyumbani walikuwa wanasubiri habari njema. Lakini mtahini alifanya kazi yake, na nadhani ukishajua alichokiona utaacha kumlaumu. Kinachoniuma ni kwamba ulilipa ada ya chuo na hakuna aliyekaa nawe akakueleza haya kabla.

Turudi pale kwenye tela. Ule mlio uliousikia unakuambia kwamba mataya ya kufuli yamefunga. Haukuambii yamefunga nini. Tela likiwa limeinuliwa juu kupita kiasi, kingpini, ile pini nene inayoning'inia chini ya tela, inaweza kupita juu ya mataya badala ya kuingia katikati yake. Mataya yatafunga, yatalia vilevile, na tela litakuwa limekaa tu juu ya bamba la kichwa bila kushikwa na chochote. Ukiwa kwenye kiti huwezi kuona tofauti. Utaiona kwenye kona ya kwanza, au unapoanza kupanda mlima, tela likibaki nyuma na mzigo wake wote huku barabarani kuna watu.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ambayo mtahini alikuwa anayasubiri kwako. La kwanza ni kuvuta. Breki za tela ukiwa umezifunga, na miguu ikiwa bado chini au imenyanyuliwa kidogo sana, unaingiza gia ndogo na kuvuta mbele taratibu mpaka usikie tela linakikatalia kichwa kwenda. La pili ni kushuka na tochi. Inama ubavuni, tazama kati ya bamba na tumbo la tela: ukiona mwanga unapita, kuna kasoro. Halafu nenda umulike ndani, uone kwa macho kwamba mataya yameishika kingpini shingoni na kwamba mkono wa kufuli umekaa mahali pake. Ukisharidhika ndipo unakunja miguu hadi juu. Wewe uliikunja kabla ya kuvuta na kabla ya kutazama. Kama kingpini ingekuwa haijashikwa, ile miguu ndiyo iliyobaki kulizuia tela lisilale chini likichomoka, na ulikuwa umeshaiondoa. Mtu anayeruka hatua hiyo mbele ya mtahini atairuka pia alfajiri akiwa peke yake, ana usingizi na tajiri anampigia simu. Ndicho alichokizuia.

Sasa breki. Jibu lako la kusubiri geji ipande halafu kukanyaga ndilo jibu la matingo wengi na, nasikitika kusema, la madereva wengi wenye leseni. Halitoshi, na ili uone kwa nini halitoshi inabidi ujue upepo unafanya kazi gani humo ndani.

Kompresa inasukuma upepo kwenye matangi. Ukikanyaga pedali, upepo unaingia kwenye chemba zilizo magurudumuni, unasukuma fimbo, fimbo inazungusha mkono wake, na viatu vya breki vinatanuka kugusa dramu, lile duara la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Hapo upepo ndio unaofunga. Breki ya maegesho ni kinyume: ndani ya chemba kuna springi nene ambayo wakati wote inataka kufunga gurudumu, na upepo ndio unaoizuia. Upepo ukiisha, springi inashinda. Wazo hilo limetoka kwenye treni. George Westinghouse alipata hataza ya breki za upepo mwaka 1869, na katika mfumo wake wa kwanza mpira ukipasuka treni ilibaki bila breki. Miaka michache baadaye akaugeuza, upepo ukipotea breki zifunge zenyewe. Tela lako limerithi ulinzi huo, ndiyo maana likichomoka na mipira ikakatika hujifunga.

Wengi wakishasikia hivyo wanaridhika: basi upepo ukiisha gari litasimama lenyewe, wasiwasi wa nini? Wasiwasi uko hapo katikati. Kwa magari mengi matangi yakijaa geji husoma kati ya psi 120 na 140 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo). Taa na king'ora cha onyo huamka upepo ukikaribia psi 60, yaani baa 4 hivi. Springi hujifunga zenyewe upepo ukiwa umeshuka kati ya 45 na 20. Kutoka kwenye king'ora hadi kwenye springi kuna kipindi ambacho pedali bado inakubali kukanyagwa, lakini kila unapokanyaga unatumia upepo ambao haurudi. Na springi zikifunga, hazikuulizi kama uko kwenye kona, kwenye daraja au nyuma ya basi. Dereva asiyejua kama king'ora chake ni kizima hana njia ya kupata habari mapema.

Vipimo vyenyewe ni vichache. Weka vizuio kwenye magurudumu, matangi yajae, zima injini, washa swichi tu, achia breki za maegesho. Kanyaga pedali kwa nguvu uishikilie dakika nzima macho yakiwa kwenye mshale. Mwongozo wa madereva wa Marekani, kwa mfano, hauruhusu kichwa na tela kupoteza zaidi ya psi 4 katika dakika hiyo. Tafuta kiwango cha nchi yako kwenye kitabu cha mtihani na ukiweke kichwani. Baada ya hapo kanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia, mshale ushuke. Kabla haujafika kwenye eneo la onyo, tamka: "King'ora kinatakiwa kulia hapa." Kisha ungoje kilie. Endelea kukanyaga mpaka vitufe vya maegesho viruke vyenyewe. Yule mtahini aliyekuuliza kuhusu king'ora alikuwa anakupa nafasi ya kujiokoa, lakini hukuwa na cha kumwambia.

Kuhusu kuyapiga matairi teke: acha leo. Tairi mbili zikiwa pamoja kwenye ekseli moja, ya ndani inaweza kuwa haina upepo kabisa huku ya nje ikiibeba, na teke lako litaigusa ya nje tu. Tumia geji. Tazama kama kuna jiwe lililobanwa katikati ya tairi hizo mbili. Pitisha kidole kuzunguka nati. Michirizi ya kutu inayotokea kwenye nati mara nyingi ina maana nati inacheza. Usimwambie mtahini "nati ziko sawa." Mwambie umeona nini: hakuna iliyopotea, hakuna iliyolegea, hakuna kutu, rimu haina ufa. Anachopima ni kama unajua unachokitafuta. Anzia kona ileile kila siku, zungukia upande uleule, gusa, taja, sogea. Baada ya muda mdomo na mikono vitakuwa vinakumbuka hata ukiwa na hofu.

Naona hukutaka rivasi iwe ndiyo habari kuu ya barua yako, lakini mimi naiona kuwa kubwa, kwa sababu umesema jambo la kweli sana: mjomba akielekeza unaweza, peke yako huwezi. Maana yake ni kwamba mpaka leo anayerudisha tela ni mjomba, wewe unazungusha usukani tu. Hilo linarekebishika.

Anza kwa kunyoosha. Usiende kwenye kona wala kwenye geti mpaka uweze kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka urefu wa yadi nzima bila mtu kukuonyesha. Ukiwa na vioo viwili, kanuni ni hii: tela likianza kuonekana zaidi kwenye kioo cha upande mmoja, limekimbilia upande huo, zungusha sehemu ya juu ya usukani kidogo kuelekea kioo hicho hicho, na litarudi. Kidogo, nimesema. Wanafunzi wengi hulikunja tela kwa sababu wanazungusha sana, halafu wanachelewa kurudisha, halafu wanarudisha sana. Tela lina uvivu wa kuanza kugeuka, na likianza halisubiri. Kwa hiyo gusa, subiri uone, rudisha.

Ukifika kwenye kupinda, shika usukani chini kabisa, pale unapokaribia tumbo lako. Mkono ukiwa pale, upeleke upande unaotaka nyuma ya tela iende. Ukitaka nyuma iende kulia, mkono uende kulia. Hii inakuondolea ile hesabu ya kinyume inayokutoa jasho. Tela likishaanza kuingia, lazima ulifuate: rudisha usukani na uupitishe upande wa pili ili kichwa kilisindikize tela. Watu wengi wanakwama hapo hapo, wanasahau kulifuata, na pembe kati ya kichwa na tela inazidi kubana mpaka hakuna cha kufanya. Ukiona pembe inabana haraka kuliko ulivyotaka, simama. Sogea mbele, nyoosha, anza tena. Kwa mwendo wa chini kabisa, mguu ukiwa juu ya breki, huna cha kuogopa.

Halafu jenga mazoea ya kushuka na kutazama. Funga breki ya maegesho, shuka, zunguka nyuma, angalia umbali, tazama juu pia, maana matawi na nyaya havionekani kwenye vioo. Mitihani mingi inaruhusu kushuka na kusogea mbele kwa idadi maalumu ya mara kabla ya kukatwa maksi, kwa hiyo soma karatasi ya maksi ujue una nafasi ngapi, uzitumie bila aibu. Mwombe mjomba akae mbali kwenye kivuli na asinyanyue mkono hata ukikosea, isipokuwa unakaribia kugonga kitu. Atateseka kuliko wewe.

Ni lazima pia nikuguse kwenye ile nyutro, ingawa umeitaja kama ujuzi. Haibani mafuta. Injini nyingi za siku hizi, gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya aksileta, hukata mafuta zenyewe. Ukiweka nyutro ndipo zinapoanza kunywa ili zisizime. Lakini mafuta ni jambo dogo. Ukitoa gia kwenye mteremko umeitupa breki ya injini, na kazi yote ya kuzuia tani zile umeipeleka kwenye viatu na dramu. Dramu ikipata moto inatanuka, inakwenda mbali na viatu, na fimbo inalazimika kusukuma mbali zaidi ili vigusane. Unakanyaga unapata kidogo, unakanyaga zaidi unapata kidogo zaidi, mpaka hupati kitu. Wakati huo kuingiza gia tena haiwezekani kwa sababu mwendo umeshazidi. Chagua gia kabla mteremko haujaanza, acha injini na breki ya egzosi zibebe, na breki ya mguu itumie kwa kukanyaga kwa nguvu ya wastani mpaka mwendo ushuke kilomita 8 hivi chini ya ule unaoukusudia, uachie, ungoje mwendo uongezeke, ukanyage tena. Mahali pengi kuteremka na nyutro ni kosa la kisheria, na mtahini akikuona unafanya hivyo hatakuuliza sababu.

Nimekuja kwenye leseni ya mkato kupitia mteremko makusudi. Mtu wa mjomba anaweza kukupatia kadi yenye picha yako. Hawezi kukupatia yale niliyoandika hapo juu, na ndiyo utakayoyahitaji pale juu ya mlima ukiwa na shehena. Kulingana na mwongozo huo wa Marekani, lori lenye breki za upepo likienda kilomita 88 kwa saa kwenye lami kavu linahitaji zaidi ya mita 130 kusimama, na karibu mita 10 kati ya hizo zinaliwa na upepo kusafiri tu kwenye mipira kabla breki hazijashika. Kabla ya sheria ya mwaka 1986, katika majimbo mengi ya nchi hiyo mtu mwenye leseni ya gari dogo aliruhusiwa kisheria kupanda semitrela na kuondoka. Walikuja kuweka mtihani wa gari kubwa, kwenye gari kubwa lenyewe, kwa sababu barabara zilikuwa na watu wengi wasio na uwezo wa kuendesha walichopewa.

Na ukipata ajali na leseni ya aina hiyo, hata kama kosa ni la mwingine, swali la kwanza litakuwa leseni ilipatikanaje. Bima ina sababu ya kukataa kulipa. Tajiri atasema hakujua. Yule mtu wa mjomba hutamwona. Utakayekuwa mbele ya hakimu ni wewe, na mke wako na mtoto nyuma ya benchi. Kataa, mwanangu. Hili sikushauri kwa upole kama mengine.

Otomatiki au gia za mkono? Uliza gari la tajiri ni lipi. Nchi nyingi ukifanya mtihani kwa otomatiki zinaweza kukuwekea kizuizi kwenye leseni kisikuruhusu kugusa la gia za mkono. Kwenye leseni za Ulaya huandikwa kwa namba 78. Malori mengi mapya ni otomatiki na hakuna aibu yoyote kuyaendesha. Ila kama utakabidhiwa la gia za mkono, jifunzie hilo, hata kama utachelewa.

Chuo kile sikushauri urudi bila kuwauliza maswali. Kwa saa ngapi mikono yangu itakuwa kwenye usukani, si saa ngapi nitakuwa ndani ya gari? Wanafunzi wangapi kwa lori moja? Lori la mazoezi ni la aina ileile ya mtihani, lina tela, linapakiwa mzigo walau siku moja? Nani atanifundisha kukagua na kuunganisha, na nitafanya mwenyewe mara ngapi? Nakupa mfano ujue ukubwa wa jambo: Umoja wa Ulaya, kwa nchi zilizochagua njia ya kozi, unadai saa 280 za mafunzo ya awali kwa dereva wa kazi, au 140 kwa njia ya haraka, na ndani yake kuna saa 20 au 10 za mwanafunzi kuendesha yeye mwenyewe. Marekani, tangu Februari 2022, mwanafunzi mpya lazima apitie kwa mkufunzi aliyesajiliwa, na ingawa sheria hiyo haitaji idadi ya saa, mkufunzi ndiye anayethibitisha kwamba mtu ameiva. Chuo kikikujibu kwamba "utafaulu tu, usijali," tafuta kingine. Wewe huhitaji kozi nzima ya kuanzia sifuri. Mwombe mwalimu mzuri akuuzie saa za ukaguzi, kuunganisha na rivasi, na saa chache za barabarani za kukuondolea mazoea ya kiutingo.

Mjomba sasa. Mwendee peke yake, usimwambie mbele ya madereva wenzake wala mbele ya tajiri. Anza na shukrani, maana ni za haki: amekupa miaka ya ujuzi ambao wenzako darasani hawana, na mkono wako huo mzuri ni wa kwake. Kisha mwambie, "Mjomba, nimeamua kurudi kwenye mtihani. Nataka siku nikisimamishwa, nisiwe na cha kuficha. Naomba unisaidie kujiandaa." Usimfundishe breki, na neno nyutro usilitaje siku hiyo. Mpe karatasi ya maksi mkononi na umwombe awe mtahini wako yadini: wewe unakagua kwa sauti, yeye anaweka alama pale uliporuka. Dereva mzee akipewa karatasi ile na kuombwa asimamie, mara nyingi huwa mkali kuliko mtahini halisi, na atasoma yaliyoandikwa humo bila wewe kumwambia. Akisisitiza habari ya yule mtu wake, mwambie kwa adabu kwamba umemsikia na umeamua hivyo, nyamaza, umsaidie kazi iliyopo. Anaweza kununa kwa muda. Hujamkosea.

Tajiri mpelekee tarehe. Ukishapangiwa mtihani, mwambie ni lini na umwombe akusubiri. Anayetaka dereva wa kukaa naye ataweza kungoja majuma machache. Na siku ukiipata leseni, kabla hujapokea funguo za gari la peke yako, mwombe safari zako za kwanza za mzigo mzito uende na dereva mzoefu pembeni, wewe ukiwa kwenye usukani. Akisema hana muda na jambo hilo, muulize pia gari lake lilifanyiwa matengenezo ya breki lini.